Godoro Alipombeba Radi

Mchapishaji huyu mnayemwona leo na miwani yake, zamani alikuwa mwanamieleka wa kulipwa, na kazi yake ilikuwa kushindwa. Mimi nilikuwa refa. Mshindi tulimpanga mapema kwenye chumba cha kubadilishia nguo, huyu bwana kajiegemeza pembeni na kitabu kisicho na jalada. Tulimwita Godoro. Mtupe utakavyo, atatua kwa kishindo mpaka viti vitetemeke, na mchubuko hana. Waliombwaga walionekana majabali, hasa Radi, bingwa wetu.

Basi Godoro akapeleka posa kwa fundi cherehani mmoja. Mzee akasema binti yake haolewi na mtu anayepigwa kila Jumamosi, ila angekuja kujionea kabla ya kutoa neno la mwisho. Godoro akamwendea Radi, akamwomba amwachie ushindi, mara hii tu. Radi akacheka, akasema haya, bwana harusi, utanibeba begani na kunibwaga.

Jumamosi fundi akaketi mstari wa mbele, mikono kifuani. Mambo yakaenda tulivyopanga. Godoro akamnyanyua Radi, ukumbi mzima ukasimama. Hapo ndipo nikaona tulichosahau sote: Radi hajawahi kuanguka. Maisha yake ni kutupa wenzake tu. Kule juu alikuwa amekakamaa kama ubao, shingo ikitangulia.

"Legea," Godoro akamnong'oneza.

"Nalegeaje?"

Maskini, hakujua. Godoro akamtupia jicho fundi, akavuta pumzi, kisha akajipindua akaenda chini yeye, Radi akamwangukia kifuani. Mabega ya Godoro yalikuwa chini, kila mtu anayaona. Nikahesabu hadi tatu, na kwa sheria zetu mabega yakikaa chini hivyo umeshindwa. Ningefanyaje? Mshindi ni Radi tena.

Fundi akatufuata chumbani. Godoro akamwamkia, macho sakafuni.

"Umepigwa," mzee akasema.

"Nimepigwa, baba."

"Lile jitu lina uzito?"

"Linao, baba."

"Na umelilaza kama mtoto mchanga." Akavaa kofia yake taratibu. "Binti yangu naye si mwepesi. Lete wazee wako tuongee."

Miaka ikapita, Godoro akafungua kampuni yake. Kitabu cha kwanza kukitoa kilikuwa maisha ya Radi. Humo ndani Radi haangushwi hata mara moja, na mimi niliyekuwepo nasema hakuna uongo.