Asilimia Kumi na Nne

Zimwi likujualo hukula likakumaliza, maana linajua mlango wako na mfupa wako ulio laini. Ndivyo Ayikoru alivyowaambia wanachama wa klabu ya redio ya Ombaci, kando ya mji wa Arua, walipobishania mfumo wa kuendesha kompyuta yao. Mwenyekiti, Mwalimu Robert, alishikilia ule wa kununua, aliouzoea tangu enzi za ualimu wake. Ayikoru alitaka Linux, mfumo wa bure, akaitikisa mbele yao flashi yenye mfumo huo. "Linux ni ya vijana wanaopenda kuhangaika," Mwalimu alisema. Watu wakacheka, mjadala ukafungwa.

Alhamisi hakuna aliyecheka. Dhoruba ya asubuhi ilikuwa imeangusha mnara wa simu, na Arua haikuweza kuisikia Koboko. Saa sita na dakika arobaini mchana Abiriga, ndugu wa Ayikoru na mwendesha boda, aliingia chumba cha klabu akiwa na tope hadi mapajani.

"Dada, ile daraja ya bondeni imekwisha. Juu iko sawa, lami inang'aa, lakini chini hakuna kitu. Nimeteremka kuosha pikipiki, nimeona na macho yangu. Imebaki ngozi ya ngoma tu."

"Umeweka alama?"

"Upande huu, matawi. Kuvuka nimeogopa. Watu wanapunga mashati, lakini basi ya Koboko itatoka kwenye kona ikiteremka. Dereva akiwaona, amekwisha fika."

Basi hilo lingeondoka Koboko kuja Arua saa saba kamili, na Jovia, mdogo wao wa mwisho, alikuwa msafiri wake. Jovia hutapika akikaa nyuma. Siku zote hukaa mbele, ubavuni mwa dereva.

Ayikoru akakamata kipaza sauti, akamwita Aziz, mwanachama wao wa Koboko. Kwa kanuni ya klabu, mtandao ukizima kila mmoja hukaa redioni. Lakini radi zilizokuwa bado zikizurura mpakani zilimeza sauti yake. Spika ilitoa mkwaruzo mtupu, kama mahindi yanayokaangwa. Ilibaki njia moja, maandishi. Kompyuta huyageuza maneno kuwa milio myembamba, redio huirusha, na kompyuta ya upande wa pili huidaka hata pale sikio la mtu lisipoambulia kitu.

Akaiwasha kompyuta. Skrini ikawa buluu. *Inasasisha mfumo, asilimia 14. Usizime.*

Wakasubiri. Dakika ya kwanza, kumi na nne. Dakika ya tatu, kumi na nne.

"Itamaliza," Mwalimu alisema. "Siku zote inamaliza."

"Saa ngapi, Mwalimu?"

Ayikoru akaipindua kompyuta, kucha zake zikitafuta kitasa cha betri.

"Binti, usiguse! Humo mna daftari langu la hewani! Kila mtu niliyezungumza naye miaka kumi na tisa! Wengine wamekufa!"

Akaing'oa. Skrini ikafa. Mwalimu akaguna kama mtu aliyekanyagwa.

Flashi ikaingia, betri ikarudi, na Linux ikafunguka bila kumuuliza mtu neno. Ayikoru akaandika: AZIZ ZUIA BASI LA ARUA. DARAJA LIMEKATIKA. Akarusha. Kimya. Akarusha tena, akikosea herufi kwa haraka. Kimya.

Ndipo alipoiona saa pembeni mwa skrini. Ilionyesha mwaka 2012. Programu ya kurusha maandishi husema na kusikiliza kwa zamu za sekunde; saa za pande mbili zikipishana, hazisikizani kamwe. Kibetri cha saa ndani ya kompyuta kilikuwa kimekufa zamani, kwa hiyo kung'oa betri kulikuwa kumeifuta saa, na aliyeing'oa ni yeye.

"Nipeni saa!"

Simu yake haikuwa na chaji. Simu za tochi za Abiriga na Mwalimu zilipishana kwa nusu dakika. Nani mkweli? Mwalimu, bila kumtazama, akaisukuma redio yake ndogo juu ya meza. "Taarifa ya habari ya ng'ambo. Milio sita. Wa mwisho ndio saa saba kamili."

"Saa saba ndiyo basi inaondoka," Abiriga alinong'ona.

"Najua!"

Dakika nne. Kidole cha Ayikoru kilining'inia juu ya kitufe. Mlio wa sita ulipolia akabonyeza kuiweka saa sawa, akaurusha ujumbe ule ule, na herufi za Aziz zikaanza kutambaa kwenye skrini moja moja.

BASI LIMETOKA. NALIFUATA NA BODA.

Halafu hakuna kitu tena. Robo saa. Nusu saa. Abiriga alitoka nje, akarudi, akatoka. Ayikoru alikiona kile kiti cha mbele, akaiona kona, akaiona lami inayong'aa. Aliuma kiganja ili asipige kelele. Ilikaribia saa nane skrini ilipocheza.

NIMELIPATA KABLA YA KONA, TUMERUDI KOBOKO. WOTE WAZIMA. JOVIA YUKO HAPA ANALIA NA KUNITUKANA.

Abiriga akakaa chini sakafuni, kichwa katikati ya magoti. Mwalimu aliichomoa flashi, akaiwasha kompyuta upya. Weusi. Akajaribu mara ya pili, ya tatu. Weusi.

"Umemponya mdogo wako, nashukuru Mungu," alisema. "Lakini watu wangu umewafuta. Niombe radhi, binti, nami nitanyamaza."

Ayikoru akaichukua flashi yake. Akaitia mfukoni.

"Siombi, Mwalimu. Leo siombi, na kesho usinisubiri niombe."