Mstari wa Jioni

Kila jioni, mlango wa mbele ulipokwisha fungwa na kiti cha mwisho kugeuzwa juu ya meza, wafanyakazi wa mkahawa ule walitoka uani wakapanga mstari. Walinyoosha mikono mbele, kucha juu, naye mwenye mkahawa akapita mbele yao amefumbata mikono nyuma, kama anayekagua bunduki, si vidole vya watu waliokwisha kuosha vyombo vyote. Alikohoa mara moja. Kisha akaanza.

"Nani ameacha kijiko juu ya friji?"

Macho yote yakashuka kwenye kucha.

"Nimeuliza, nani? Ajitokeze kabla sijamtaja!"

Mhudumu mmoja mrefu, ambaye wenzake walimwita Mlingoti, alipiga hatua moja mbele.

"Wewe tena! Urefu wote huo umeshindwa kuona juu ya friji? Au huko juu uliko hakuna hewa?"

Mstari ukacheka. Mwenye mkahawa akaridhika na kicheko kile, kwa kuwa aliamini kwamba karipio lisilo na mzaha ndani yake ni ukatili, na yeye hakuwa mkatili. Akasonga hadi mwisho wa mstari, aliposimama mpishi mkuu, binti yake wa pekee.

"Mchuzi wa leo ulipikwa kwa haraka. Mteja hali haraka yako, anakula chakula."

"Ndiyo, Mkuu," akajibu binti.

Pale uani hakumwita baba. Baba mwenyewe alikuwa amemkataza, asije mtu akasema kwamba mtoto wa mwenye mkahawa anapendelewa.

Kisirisiri wafanyakazi walimwita mwenye mkahawa Kiranja, na jina halikukosea. Ujana wake aliutumia katika shule ya bweni, akawa kiranja wa bweni lake, na kila alichokithamini duniani alikiokota kule: blanketi lililokunjwa likapata kona, kiatu kinachong'aa hata kisigino, neno moja linalotamkwa mara moja likaeleweka. Ni haki kusema kwamba mkahawa wake ulifaidika. Hapakuwa na mteja aliyewahi kuumwa tumbo kwa chakula cha pale, wala mkaguzi aliyewahi kutoka na bahasha. Alikuwa mtu safi, na alijua hivyo. Kujua huko ndiko kulikomfanya atembee ameinua kidevu.

Jambo moja tu lilikuwa limemfika shingoni. Hoteli kubwa ya mji mwingine ilikuwa ikimtaka binti yake. Asubuhi moja, akimenya vitunguu, binti alimweleza habari hiyo bila kuinua macho, akaongeza kwamba amechoka kupika chakula cha jioni huku akitazama saa, maana mkahawa ulifungwa mapema, wakati ambapo watu wa hospitali ya jirani ndio kwanza wanatoka zamu wakiwa na njaa. Kiranja alisikiliza, akanywa chai yake, akatoka. Kumwambia mtoto "usiende" kulikuwa ni kubembeleza, na kubembeleza hakukufundishwa bwenini. Lakini kuomba kibali alijua. Juma lile lile alipeleka maombi kwenye ofisi ya leseni ili mkahawa ufungwe saa tano usiku. Kwa hesabu yake, saa zikiongezwa, binti atabaki.

Afisa leseni alimwita baada ya muda mfupi.

"Mzee, jirani yako wa nyuma amepinga. Yule mkunga. Anasema kelele zimemshinda."

"Kelele?" Kiranja aliketi wima zaidi. "Kwangu hakuna redio. Hakuna pombe. Mteja akicheka kupita kiasi, nampelekea maji ya baridi."

Afisa alicheka hadi akavua miwani. "Sikatai, mzee wangu. Ila kamati itataka kujua. Mbona usiende kwake ukasikilize mwenyewe? Pengine mtaelewana kabla ya kikao."

Kiranja aliona ametukanwa, na kwa sababu hiyo hiyo akakubali. Mtu asiye na hatia haogopi kukaguliwa. Siku aliyopatana na mkunga kwenda kwake, alimwita msimamizi wake pembeni.

"Leo nitakuwa nyumba ya nyuma wakati wa kufunga. Kila kitu kiwe kama kawaida. Sitaki mtu anyamaze kwa ajili yangu."

"Na mstari, Mkuu?"

"Mstari pia. Utauongoza wewe, kama ninavyouongoza mimi."

"Kama wewe kabisa?"

"Kabisa."

Msimamizi aliitikia kwa kichwa.

Mkunga alimpokea kwa adabu, angali amevaa sare ya kazi, akamwongoza hadi chumba cha nyuma. Mlikuwa na vitanda viwili. Katika kimoja alilala mama yake, bibi mwembamba ambaye miguu yake ilikwisha kumkatalia, na juu ya kichwa chake, karibu na dari, ukuta ulikuwa na matundu ya hewa. Upande wa pili wa ukuta ule ndiko ulikokuwa ua wa mkahawa.

"Mama, huyu ni mgeni wetu. Amekuja kusikiliza kelele."

"Karibu, mgeni. Bado kidogo," alisema bibi, kama mtu anayemkaribisha mwenzake mbele ya televisheni.

Kiranja aliamkia kwa sauti ya chini, sauti aliyoitumia nyumbani mwa watu, akakalia kigoda. Wakasikiliza. Wateja wa mwisho waliaga, mlango ulifungwa taratibu, maji yalitiririka, sahani ziligusana kama meno ya mtu anayesikia baridi kidogo. Kidevu chake kilipanda.

"Dada yangu, hizi ndizo kelele?"

"Subiri, mzee," alisema mkunga.

"MSTARI!"

Sauti ilipenya matundu ikaingia chumbani kana kwamba inalipa kodi mle ndani. Kiranja alishtuka akakishika kigoda kwa mikono yote miwili. Bibi alijivuta akapanda juu ya mto, uso umechangamka.

"Haya, wameanza. Lakini leo mwenyewe hayupo. Huyu anamwiga."

"Unajuaje, Bibi?" Kiranja aliuliza, polepole.

"Anaiga vizuri, simnyimi haki yake. Ila mwenyewe huanza kwa kukohoa."

Hapo ndipo koo la Kiranja lilipoanza kumwasha. Alibana midomo, akatazama dari, akakumbuka mambo mengine, lakini koo halikupata kukaa bweni. Alikohoa.

Bibi aligeuza kichwa taratibu, akamtazama kutoka viatu hadi mvi.

"Kumbe," alisema.

Mkunga aliinamia sakafu. Nje, msimamizi alitekeleza agizo kwa uaminifu wa kutisha. Kijiko kilitajwa. Mlingoti aliitwa, urefu wake ukasimangwa kwa maneno yale yale, na mstari ukacheka. Kiranja alikuwa amekisikia kicheko kile mamia ya jioni akiwa mbele yake, akakiona ni kicheko. Kutoka nyuma ya ukuta kilikuwa kitu kingine: kilianza kwa pamoja na kikakoma kwa pamoja, kama kinachopigiwa filimbi.

"Na wewe, mpishi," ikaendelea sauti, sasa kwa kusitasita, "wali wa leo... wali wa leo hauna heshima."

"Ndiyo, Mkuu."

Alilijua jibu hilo. Ndilo alilolidai, ndilo alilopewa kila siku. Hakuwahi kujua kwamba mtu analitamka kama anayefunga mlango kwa ndani.

"Mimi sikumtuma mwanangu akupinge," alisema bibi baada ya mstari kuvunjika. "Mimi ningekosa wa kunichangamsha. Lakini yeye anatoka kabla ya alfajiri, na watoto wa watu wanazaliwa mikononi mwake. Akilala macho, mikono itatetemeka. Sasa wewe unataka uwapange wenzako saa tano usiku!"

"Bibi, mimi nililelewa hivyo. Nami nikawa mtu."

"Umekuwa mtu, ndiyo. Mbona unasema kama vile kuna aliyekukatalia?"

Bibi aliushusha mkono wake akaupapasa ukuta.

"Mkishatawanyika kuna mmoja hubaki. Huegemea hapa hapa. Mara ya kwanza nilidhani ni paka. Kumbe ni mwanamke analia kwa kujificha. Nikagonga ukuta, naye akagonga. Tangu siku hiyo tunazungumza."

"Anasema nini?"

"Ya kwake ni yake, siwezi kuyamwaga. Ila nilimwuliza, mwanangu, kwa nini usimwambie baba yako? Akasema, 'Bibi, nikiwa uani sina baba.'"

Kiranja aliinuka. Alitafuta kofia yake huku ameivaa. Mlangoni mkunga alitaka kusema neno, labda la pole, lakini kwa kumwona amekaza shingo akaliacha.

Jioni zilizofuata alijaribu kuongoza mstari kwa sauti ya chini. Wafanyakazi waliogopa zaidi. Mlingoti alimfuata msimamizi jikoni akamwuliza kama mkahawa unauzwa, maana hali ile haikuwa ya kawaida. Kiranja mwenyewe aligundua, kwa mshangao uliomkera, kwamba maneno yake hayakupungua ukali kwa kunong'onwa; yalipungua mwangwi tu. Mara mbili alimkuta binti yake peke yake penye jiko, akafungua mdomo, na mara zote mbili likatoka swali kuhusu chumvi. Aliwaza kwamba pengine ipo lugha nzima ambayo hakuwahi kujifunza, na kwamba umri haukuwa umemsubiri.

Siku ya kikao alivaa koti lake jeusi. Kamati iliketi nyuma ya meza ndefu: mwenyekiti, mwanamke wa makamo mwenye sauti kavu, wajumbe wake, na karani aliyekuwa akiandika kila kitu. Mkunga aliketi upande mmoja. Upande wa pili, kwenye benchi la nyuma, walikaa msimamizi na binti, ambaye jibu la hoteli alitakiwa kulitoa kabla ya juma kwisha.

"Mwombaji," alisema mwenyekiti, "jirani anasema kelele zinatoka kwako. Wewe umeandika kwamba mkahawa wako hauna kelele. Tumwamini nani?"

Jibu jepesi lilikuwapo, tena lenye chembe ya ukweli: jioni aliyokwenda kusikiliza, sauti ilikuwa ya msimamizi. Alimwona msimamizi akijikunyata, kama aliyekwisha kuliona jibu hilo likija. Kiranja alipiga moyo konde.

"Tumwamini jirani. Kelele ni mimi, Mwenyekiti."

"Wewe? Unafanya nini?"

"Nagomba."

Mjumbe mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti hakucheka. Alimgeukia mkunga akamwuliza kama bado anapinga.

"Sina ugomvi na chakula chao, Mwenyekiti. Wenzangu wanaotoka zamu wanalala na njaa, nalijua hilo. Nataka kujua jambo moja tu: hiyo saa tano, nani atafunga?"

Mwenyekiti alitazama maombi. "Hapa ameandikwa mwombaji mwenyewe."

"Mstari hautakuwapo tena," alisema Kiranja.

"Leo unasema hivyo, mzee," mkunga alijibu kwa upole. "Kesho kijiko kitakuwa juu ya friji."

Chumba kizima kilicheka, na safari hii kicheko kilianza huku na huku, kikaisha ovyo ovyo, kila mtu kwa wakati wake. Kiranja alikisikiliza hadi mwisho. Angeweza kuapa kwamba atajizuia. Lakini alikuwa mkweli, na ukweli wake, ambao miaka yote aliutumia kuwapima wengine, sasa ulisimama mbele yake ukamkagua yeye. Alijifahamu. Kijiko kingeonekana, koo lingewasha.

"Sitafunga mimi," alisema. "Jioni zote zitakuwa chini ya mpishi mkuu. Funguo, wafanyakazi, jiko. Mimi nitaondoka jua likizama."

Benchi la nyuma lililia kidogo, kama linavyolia mtu anapojiinua ghafla.

"Mpishi mkuu ni nani?"

"Binti yangu, yule pale."

"Amekubali?"

Kiranja alifungua mdomo. Aliufunga.

"Sijamwuliza."

"Basi mwulize," alisema mwenyekiti. "Karani hawezi kuandika alichojibu mtu ambaye hajaulizwa."

Aligeuka. Binti yake alikuwa amesimama, amevaa gauni la kutokea, bila aproni, na kwa kitambo Kiranja aliona ugeni, kama mtu aliyekutana stesheni na jamaa aliyeambiwa tu habari zake. Alitafuta namna ya kuanza. Maneno aliyozoea yalikuja mbio, yamejipanga wima, tayari kwa amri, akayaacha yapite. Akavuka nafasi iliyokuwa kati yao, koti lake likigusa viti vya watu, akasimama karibu naye kiasi cha kulazimika kuinamisha kidevu ili amwone.

"Mwanangu," alisema, akaongeza maneno machache ambayo hata msimamizi, aliyekuwa hatua moja tu kando, hakuyapata vizuri.

"Ongeza sauti, mzee!" karani aliita kutoka mezani. "Huku hatukusikii."

Hakuongeza. Binti alikuwa ameinamisha uso, midomo ikitikisika kidogo, na haikujulikana kama ni neno linalotafuta njia au ni kitu kingine. Mwenyekiti aliinua mkono kumnyamazisha karani. Kalamu ikabaki hewani, na chumba chote kikamsubiri mpishi, ambaye mpaka siku ile hakuna aliyekuwa amemsubiri kwa lolote isipokuwa chakula.