Mji wa Brodek Wanyamaza Bungeni

Tuliingia bunge la jimbo pale Lincoln mimi, meya wetu Leroy Kubicek, na watu wa Brodek waliojaza safu mbili za nyuma. Njia nzima nilikuwa nikisali.

Muswada ulikuwa wa Seneta Teague. Alitaka mji wowote wa Nebraska usipige king'ora ila siku ya kimbunga. Chetu hulia kila siku saa sita mchana. Lakini hatukufuata kelele tu. Tulitaka kujua mambo ya mji anaamua nani, wenye mji au jimbo.

"Mama Sedlak," Teague akaniambia nilipoketi mbele ya kamati, "wageni wanashtuka. Sheria moja kwa wote, ubaya wake nini?"

"Mheshimiwa, mgeni akishtuka tunampa kolache, kile kimkate chetu kitamu cha jamu, anatulia." Watu wakacheka. "Mimi diwani. Jirani akichukizwa na king'ora, ananikamata mlangoni mwa kanisa. Wewe atakukamata wapi? Leo mnatuamulia king'ora, kesho mtatuamulia siku ya kuzoa taka. Na mji..."

Nikanyamaza. Kwetu saa sita ikigonga hakuna anayesema, maana hasikiki. Unangoja king'ora kimalize. Saa ya ukutani ilikuwa imefika sita, na mdomo wangu ukajifunga wenyewe. Kugeuka, naona Brodek yote kimya, Leroy kikombe kimemgandia hewani.

"Vipi, Mama, hotuba imekwisha?" Teague akanikejeli.

"Mwache," akasema mwenyekiti, Seneta Ostrander, mzee mkavu asiyecheka na mtu. "Hata mimi nilikuwa nangoja."

"Unangoja nini, mwenyekiti? Hapa hakuna king'ora!"

"Ndiyo nashangaa. Nilihama Almeda, mji wenye king'ora cha saa sita kama chenu, nikiwa kijana, kumbe Almeda haijanihama. Kitu kama hiki, Teague, utakitungiaje sheria ukiwa Lincoln?"

Teague akapekua karatasi zake.

Mchana ule ule kamati ikapiga kura. Sita kwa wawili, muswada ukatupwa, na mwenyekiti akatamka mbele ya wote kwamba king'ora ni shauri la mji wenyewe.

Leroy alinikumbatia nusura anivunje mbavu. "Umewashinda kwa kunyamaza! Marehemu mumeo Ed asingeamini, Mama, wewe kunyamaza!"

"Ed angeomba ushahidi," nikasema.

Pale ngazini nikamshukuru Mungu kwa sauti, bila haya. Madiwani wa miji mingine waliokuja kwa muswada ule ule, nisiowajua hata majina, wakavua kofia wakaitikia amina.