Pombe ya Kwanza ya Regina

Mke wangu Regina alianza kutengeneza pombe ya ndizi hapa nyumbani Simbo kwa kujifurahisha tu. Alikamua ndizi mbivu, akachuja maji yake, akatia unga wa mtama, akafunika ndoo. Tulipoionja, ilikuwa chachu kama siki. Nikajikaza nikasema, "Tamu, mke wangu."

Akaninyang'anya kikombe. "Gervasi, usinidanganye. Ukinisifu bure nitajifunza nini?"

Akaimwaga yote migombani. Ingekuwa mimi, ningeishia hapo. Yeye aliisugua ndoo kwa maji ya moto, akamenya ndizi nyingine.

Iliyofuata ilikolea vizuri. Nilipoisifu, alinitazama usoni kwanza kuona kama nasema kweli, kisha akacheka na kujimiminia kikombe chake.