Kadi ya Mulwa

Mwaka wa 1988 Nasipwondi aliunganisha zahanati mbili za kanisa, moja Kibera na nyingine Kawangware, kwa laini za simu. Kila karani alikuwa na kompyuta ndogo mezani, lakini kadi za wagonjwa zilikaa kwenye kompyuta kubwa iliyokuwa ofisini mjini. Karani akiandika jina, kadi inakuja, akimaliza, anairudisha. Programu yote aliiandika mwenyewe kwa miezi kumi na moja, na ilipoanza kazi alitembea akicheka peke yake barabarani.

Siku ya tisa alikuwa Kawangware akikagua laini iliyokuwa inakatika-katika. Mulwa, seremala wa kutoka Kitui, akaingia akichechemea. Alikuwa amekanyaga msumari na mguu ulijaa usaha. Sista Wagaki akasoma kadi kwenye kioo. Pale pa dawa zinazomdhuru mgonjwa palikuwa patupu. Akamdunga penisilini.

Mulwa hakufika mlangoni. Midomo ilivimba, kisha shingo, akashika koo na kuanguka juu ya benchi.

"Adrenalini! Leteni adrenalini!" Wagaki akapiga kelele.

Nasipwondi alibaki amesimama na bisibisi mkononi, hakusaidia. Ilichukua karibu nusu saa Mulwa kupumua sawasawa. Alipoweza kusema, alisema kwa sauti ya kukwaruza:

"Si niliwaambia Kibera? Mwili wangu hautaki hiyo dawa."

Nasipwondi akampigia simu Dalmas, karani wa Kibera.

"Niliandika Jumatatu, kwa mkono wangu," Dalmas akasema. "Nikaona imeingia."

Nasipwondi akaomba ofisi ya mjini wamsomee saa ambazo kadi ile ilifunguliwa na kurudishwa. Jumatatu asubuhi, Mulwa akiwa Kibera anamweleza Dalmas, mkewe Kalekye alikuwa hapa Kawangware akieleza kwamba wamehamia mtaa uitwao 46, karibu na hapo. Kadi moja ilikuwa imefunguliwa sehemu mbili. Dalmas alirudisha ya kwake, na dakika tatu baadaye karani wa Kawangware akarudisha ya kwake, yenye anwani mpya na bila onyo. Kompyuta kubwa ilipokea ya mwisho, ikaitupa ya kwanza. Haikulalamika, kwa sababu Nasipwondi hakuwahi kuifundisha kulalamika. Akakaa chini sakafuni.

Jioni hiyo Waithaka, msimamizi wa zahanati, alitaka kuandika kwenye ripoti kwamba sista hakumuuliza mgonjwa dawa zinazomdhuru.

"Usiandike hivyo," Nasipwondi akamwambia. "Kosa ni langu."

Kesho yake akaenda 46. Mulwa alikuwa kitandani, uso bado umevimba. Akamweleza yote.

"Kwa hivyo ni wewe ulinifuta?" Mulwa akauliza.

"Ni mimi, mzee."

Kalekye, aliyekuwa mlangoni, akadakia:

"Na wengine? Umefuta wangapi?"

Swali hilo halikuwa limemjia Nasipwondi kabisa.

Alizima mfumo siku hiyo hiyo. Makarani wakarudi kwa kadi za karatasi. Akapekua saa za kadi zote na kupata nyingine saba zilizofunguliwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Kilichopotea humo hakuna aliyejua ila wagonjwa wenyewe, kwa hivyo yeye na Dalmas waliwatafuta nyumba kwa nyumba. Programu akaiandika upya: kadi ikiwa kwa karani mmoja, mwingine angoje. Makarani walinung'unika kwamba sasa ni polepole.

Sita walipatikana haraka. Wa saba, Nabwire, alikuwa na mimba na alikuwa amehama. Walimtafuta wiki tatu. Nasipwondi alimkuta kwa dada yake, anafua nguo, mzima, tumbo mbele yake. Akamwita jina mara mbili ili awe na uhakika. Kisha akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, akilia, na Nabwire, asiyejua mgeni huyu ni nani, akaenda kumletea maji.