Mapigo Hakuna

1.

Simama.

2.

Neno hilo halikusemwa na mke, maana mke alishatangulia mbele ya haki. Wala na bosi, maana Mzee Hatibu Semboja alistaafu stoo ya reli siku nyingi, na wa kumwamrisha hakuna tena Ngamiani nzima. Lilisemwa na saa. Saa nyeusi, laini kama mjusi, iliyomtetemesha ngozi ya mkono kisha ikaandika kwenye kioo chake: Simama. Umekaa muda mrefu.

Alikuwa anasoma gazeti.

Watu wenye akili husoma wameketi.

3.

ILIYOYAJUA SAA HIYO
Usingizi wake.
Moyo wake.
Kwamba jana hakufika sokoni.

AMBALO HAIKULIJUA
Saa.

Magharibi ikishaingia, iliandika 19:00. Saa kumi na tisa ni saa ya nani? Msomaji, wewe ulifundishwa kama alivyofundishwa yeye: mshale mfupi ukiwa juu ya saba, jicho linavuka ng'ambo na kusoma moja. Ndivyo babu zetu walivyoishinda saa ya mgeni bila kumgombeza. Lakini pale pasipo na mishale, jicho livuke liende wapi? Saa isiyo na ng'ambo ni kibao cha bei.

4.

Sauti ya Mwanaidi, binti yake wa pekee, kwenye simu kutoka Korogwe:

"Shikamoo baba. Naona jana hukutembea kabisa. Na usiku umelala vibaya, ni yale maharage, nilishakwambia. Muhsini anakusalimia, anauliza kama zawadi yake inakukaa vizuri. Haya baba, nina kikao."

Korogwe si Ulaya. Mtu anapanda basi asubuhi, anakula mchana na baba yake, na jioni yuko kwake. Zamani ndivyo alivyofanya. Tangu mzee alipoteleza bafuni, na mkwe wake Muhsini akaleta kile kitu ndani ya boksi, Mwanaidi hajakanyaga kizingiti. Aje kufanya nini? Anamwona kwenye kioo cha simu.

5.

Jumamosi, baada ya chai, aliivua. Akaitia ndani ya kopo la chumvi, akafunika.

Simu akaizima, kwa sababu mtu anayenunua kitu cha maana haitwiitwi. Mlango wa mbele ulikuwa umekomewa kwa ndani, desturi yake tangu afiwe. Akatokea uani, akapiga kufuli.

6.

Dukani. Mwenye duka anaitwa Jumbe, ana kitambi na lenzi jichoni.

"Karibu mzee wangu. Unataka ya kuvaa au ya kuonyesha?"

"Kuna wanaonunua ya kuonyesha?"

"Ndio wanaonilisha."

Lilikuwa neno la kwanza la akili alilolisikia wiki hiyo.

Jumbe alileta ya rahisi, ya rangi ya dhahabu, inayometameta kila tarakimu.

"Hiyo ni ya bwana harusi aliyekodi suti," alisema mzee. "Jasho la mwezi mmoja, dhahabu yote iko kwenye shati."

Akaleta ya ghali. "Hii unazama nayo baharini mpaka chini kabisa."

"Mimi naoga kwa kata."

Akaleta ya katikati. Uso mweupe, tarakimu kumi na mbili nyeusi, mkanda wa chuma usio na majigambo. Mzee Semboja aliisogeza sikioni. Aliyesoma masomo ya jioni kwa taa ya chemli, huku wenzake wakicheza bao, anakitambua kitu kilichofanya kazi yake kikanyamaza.

"Hiyo ni otomatiki," Jumbe alisema. "Haina betri, haichajiwi, haitiwi ufunguo. Ndani kuna kipande cha chuma, ukitembeza mkono kinazunguka. Betri ni wewe mwenyewe. Ukiivua ukaiweka, kesho kutwa imesimama."

"Na inamwambia nani?"

"Inamwambia nani nini?"

"Kwamba imesimama."

"Haimwambii mtu, mzee. Inasimama tu."

"Usiifunge. Naivaa."

7.

KUNDI LA SIMU: UJIRANI MWEMA

Mwanaidi: Majirani samahanini. Saa ya baba inaonyesha mapigo hakuna tangu asubuhi. Simu haipatikani. Naomba mtu amgongee.

Bi Tatu: Nimegonga. Kumekomewa kwa ndani. Kimya.

Balozi Kibendera: Mapigo hakuna maana yake nini

Bi Tatu: Balozi na wewe

Mzee Chambuso: Inna lillahi

Mama Asteria: Poleni sana jamani

Mwanaidi: Natoka sasa hivi

Hakuna aliyezunguka uani. Lishike hilo, msomaji. Kufuli lilining'inia kwa nje, na kufuli la nje humwambia hata kuku kwamba mwenye nyumba katoka. Lakini mashine ilishasema.

8.

TANGAZO

Ofisi ya Balozi inasikitika kutangaza kifo cha Mzee Hatibu Semboja, kilichotokea leo kwa mujibu wa saa. Mlango utafunguliwa polisi na mwenye msiba wakifika. Wenye viti wavilete. Marehemu alikuwa mtu mkimya, asiye na makuu.

9.

Turubai.

Alilikuta mbele ya nyumba yake, la bluu, limefungwa kwa kamba yake mwenyewe ya nguo. Wanawake mikekani. Sufuria ya chai juu ya mafiga. Akaketi kiti cha nyuma, kando ya Chambuso aliyeinamia kikombe.

"Kafa nani?" aliuliza.

"Semboja."

"Alikuwaje?"

Chambuso alifikiri. "Mjuaji. Mjuaji wa kuudhi. Lakini mtu akisoma, kasoma."

Kisha akageuka kuona anazungumza na nani, na chai yote ikammwagikia magotini.

10.

"Asiye na makuu," alisema Mzee Semboja, amesimama katikati ya msiba wake. "Nani kaandika hayo?"

Balozi alikuwa anatazama chini. "Mzee, polisi wako njiani. Tutawaambia nini?"

"Waambieni wazunguke uani."

11.

Mwanaidi alishuka kwenye bajaji bila viatu.

Njia nzima kutoka dukani mzee alikuwa amelisuka neno la kumwambia: mwanangu, mimi si kondoo wa kufungwa kengele. Lilikuwa neno zuri, lenye pumzi. Lakini binti hakumpa nafasi. Alimshika mkono, akabana vidole viwili chini ya mfupa, na midomo yake ikawa inahesabu bila sauti.

Watu wakasogea.

"Iko wapi, baba?"

"Kwenye chumvi."

Aliitazama ile nyingine. "Na hii?"

"Nimenunua mwenyewe. Nisipotembea, inasimama."

"Inasimama."

"Ndiyo."

"Na mimi nitajuaje?"

Kondoo na kengele yake vilimjaa mdomoni. Akavimeza.

"Korogwe si Ulaya," alisema. "Utakuja uitazame."

12.

Vidole havikuachia. Mshale wa sekunde ulizunguka, ukazunguka.

"Na chai hii ya msiba," aliuliza Bi Tatu, "nani ataimaliza?"

Jikoni, ndani ya kopo, kitu kilitetemeka chumvini:

Chaji inakaribia kuisha.

"Baba," alisema Mwanaidi, "mimi Jumamosi huwa sina kikao."