Uchungu Ndani ya Mafuta

Hebu niambie wewe, umewahi kuona mafuta na maji yakipatana? Gahongayire aliyapatanisha kila asubuhi jikoni kwake Gikondo, mwaka ule wa tisini na moja, na haukuwa mchezo. Mkamwana wake Kanyange alikuwa hali chakula, homa haimwachi, na kichanga chake kilinyonya titi linaloelekea kukauka.

Dawa aliijua: majani ya umubirizi, machungu kama nyongo. Lakini Kanyange aliyatapika hata kabla hayajafika kooni. Basi Gahongayire akayaponda, akayapasha taratibu ndani ya samli mpaka ikawa kijani, akaichuja kwa kitambaa. Akavunja yai, akatenga kiini, akawa anakipiga kwa kijiti huku akidondosha ile samli tone kwa tone, maana ukiimwaga kwa pupa inakataa. Likatoka rojo laini, kila kitone cha mafuta kimefungwa humo na uchungu wake. Likikorogwa kwenye uji wa mtama wa vuguvugu, ulimi haujui kitu.

Kulikuwa na kingine alichokifunika. Eustache, mwanawe, mume wa Kanyange, alikamatwa Oktoba ya mwaka uliotangulia, vita vilipoanza, pamoja na maelfu ya wengine walioitwa wasaliti. Mtu mmoja aliyefunguliwa alipita akamnong'oneza mlangoni, hatua chache tu kutoka kitanda cha mgonjwa, kwamba Eustache alifia gerezani, yeye mwenyewe ndiye aliyemfumba macho. Gahongayire akajiambia, Kanyange akisikia, maziwa yatakatika. Kila Kanyange alipouliza, alijibiwa kwamba wafungwa wanaachiwa kidogo kidogo, ale tu, apate nguvu za kumpokea mumewe.

Asubuhi moja kichanga kililia sana, bibi akapaparika, akamimina rojo kwenye uji uliokuwa bado unatokota. Yai likaganda madonge, samli ikajitenga, ikaelea juu, kijani kibichi. Hakutazama. Akampelekea mgonjwa, na kwa haraka ile akasahau kuonja kwanza mbele yake, jambo ambalo kwao hata jirani humfanyia jirani, ili ajue hakuna sumu.

Kanyange akakitazama kibakuli, kisha akamtazama yeye. Akasema kwa sauti ya chini kwamba wapo mama wakwe wanaochoka na mkamwana asiye na mume, wakamtafutia njia ya mkato.

Gahongayire akakitwaa kibakuli, akanywa mafunda makubwa mpaka uchungu ukamtoa machozi. Ndipo akaeleza yote, majani, samli, kiini cha yai, na kwamba amekuwa akimlisha hivyo tangu homa ianze.

"Nilifunika ili upone, mwanangu."

Kanyange akapokea kibakuli kwa mikono miwili. Akanywa, akakunja uso, akameza. Safari hii hakutapika.

"Uchungu naweza kuumeza, Mama," akasema. "Nilichokuwa nataka ni uniambie kwamba Eustache amekufa, nimlilie."